Jumamosi, Jumapili au vipande vitatu? Ratiba za kuiandaa wiki ukiwa Dar

Wikiendi ya Dar es Salaam inaitwa siku mbili kwa heshima tu. Jumamosi huliwa na nusu siku ya kazi, masomo ya ziada ya mtoto wa darasa la saba, kikao cha harusi, na mara nyingine msiba. Jumapili ina ibada, kisha wageni. Ukitoa hayo yote, familia nyingi hubaki na saa sita au saba za kujipangia, na hizo ndizo zinazoamua kama Jumatatu saa 11 alfajiri utatoka Mbagala au Goba umetulia au unatafuta soksi kwa tochi ya simu.

Tunalinganisha ratiba tatu ambazo watu wa hapa huzitumia, wengine bila hata kuziita ratiba.

Ratiba ya Jumamosi. Soko, kufua, kupika na pasi vyote vinaanza saa 12 asubuhi na kuisha saa 7 au 8 mchana. Baada ya hapo hakuna kazi ya nyumba mpaka Jumatatu.

Ratiba ya Jumapili. Jumamosi ni ya kazini au ya watu. Maandalizi yote yanafanyika Jumapili, kabla au baada ya ibada.

Ratiba ya vipande. Ijumaa jioni dakika 45, Jumamosi asubuhi kwa muda wa saa tatu hivi, na Jumapili kuanzia saa 10 jioni kwa muda wa saa moja.

Wengi huchagua kwa kujiuliza siku gani wana nguvu. Swali linalofaa zaidi ni hili: kila kazi mwisho wake ni saa ngapi, na ikichelewa inaharibika vipi? Nguo zina jua, chakula kina friji, pasi ina umeme, na mwili una usingizi. Ratiba inayogongana na vitu hivyo vinne itakuchosha hata ukiwa mtu wa bidii.

Nguo: hapa ndipo Jumapili inaposhindwa

Kwa familia ya watu wanne wanaofua kwa mkono, nguo za wiki moja, bila mashuka, humaliza ndoo sita hadi nane za lita 20: mbili au tatu za kufulia, zilizobaki za kusuuza. Kuloweka dakika 30 kunatosha. Wanaoloweka usiku kucha ili "zilainike" huamka na maji yenye harufu, kwa sababu joto la Dar halilali, na fulana nyekundu moja inatosha kuharibu mashati yote ya shule.

Nguo zikiwa kwenye kamba kabla ya saa 3 asubuhi siku ya jua, mashati na magauni mepesi hukauka kwa saa mbili au tatu. Jinzi, sweta za shule na taulo huhitaji saa tano hadi sita. Jua la hapa huzama kati ya saa 12 na robo na saa moja kasoro robo hivi, kutegemea mwezi. Anayetoka kanisani saa 5, akala, akaanza kufua saa 8, anaanika saa 10. Sketi ya mtoto itakuwa na unyevu kwenye mkanda na mifukoni usiku unapoingia, na hewa ya pwani haimalizi kazi ambayo jua limeiacha. Vijidudu vinavyoleta uvundo hupenda kitambaa chenye unyevu kilichokaa muda mrefu. Ndiyo maana nguo iliyofuliwa vizuri kabisa inanuka Jumatatu kwenye daladala. Kuipiga pasi ikiwa mbichi hakuondoi harufu hiyo. Mara nyingi joto na mvuke huiamsha.

Ratiba ya Jumamosi inashinda hapa kwa sababu ina siku ya akiba. Mvua ikinyesha saa 6 mchana, Jumapili bado ipo. Ratiba ya vipande inafanana nayo kama utafua kwenye kipande cha Jumamosi asubuhi. Watu hukosea wanapokisogeza kipande hicho mbele kwa "kidogo tu".

Kama Jumapili ndiyo siku yako pekee, acha kufua nguo zote. Fua sare za shule na nguo za kazi tu, kabla ya ibada. Anza saa 12 asubuhi, zianikwe saa 1 na nusu, na utakaporudi saa 5 zinageuzwa. Mashuka na nguo za nyumbani zifuliwe jioni moja ya katikati ya wiki, kwa sababu hakuna anayezisubiri Jumatatu. Njia nyingine ni kwa dobi wa mtaani: peleka mashati Ijumaa jioni, chukua Jumamosi jioni yakiwa yamenyooshwa. Yahesabu mbele yake na uangalie mifuko. Kalamu iliyosahaulika mfukoni ni ugomvi wa wiki nzima.

Suala la maji linaweza kubadilisha hesabu yote. Mtaa wenu ukiwa na mgao, siku ya kufua inachaguliwa na bomba, na wewe unafuata. Maji yakija Alhamisi usiku, jaza pipa la lita 200 na uligawe mapema: lita 160 za nguo, 40 za kuoshea vyombo vya mapishi ya Jumamosi. Bila kuligawa, litaishia chooni kabla hujagusa nguo. Kwa nyumba za namna hii vipande vitatu vinafaa kuliko ratiba nyingine zote, kwani unaweza kubadilishana kipande cha nguo na cha soko bila kuvuruga mengine.

Soko na jiko

Soko lina saa yake pia. Ukifika Ilala, Mabibo au Temeke Stereo saa 12 na nusu asubuhi unakuta nyanya ngumu na mboga ambazo hazijanyauka. Saa 5 ni msongamano, jua, na nyanya za chini ya ndoo. Samaki wa soko la Feri ni mapema zaidi, na hao wanataka mpango wao: waparuliwe hapohapo, wabebwe na barafu, na wakaangwe siku hiyohiyo. Kumweka samaki mbichi kwenye friji kuanzia Jumamosi ukitarajia kumpika Jumatano ni kumtupa kwa awamu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi kumbuka ni siku ya usafi. Maduka mengi hufungua saa 4 asubuhi au baadaye. Wenye ratiba ya Jumamosi wafanye soko la wiki hiyo Ijumaa jioni.

Kinachostahili kupikwa kwa wingi ni kile kinachochukua muda jikoni na kuvumilia friza. Maharage yanaongoza. Kilo moja ya maharage makavu, ikilowekwa kwa muda wa saa 8 hadi 12 na kuchemshwa, hutoa makopo matano au sita ya nusu lita pamoja na mchuzi wake, na kopo moja ni mlo mmoja wa watu wanne. Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, kisha punguza moto. Dakika hizo 10 ni muhimu hasa kwa maharage mekundu, kwa sababu yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa nguvu. Moto mdogo tangu mwanzo hauiondoi. Nyanya zisiingie mpaka maharage yaive, kwa kuwa ukali wake huyafanya yawe magumu. Yakikataa kuiva baada ya saa mbili, kosa haliko kwenye moto. Yamekaa muda mrefu stoo penye joto na unyevu, na magadi yatayalainisha kwa gharama ya ladha na vitamini. Badilisha duka.

Tui la nazi weka siku ya kula. Maharage ya nazi huchacha haraka kuliko ya kuchemsha tupu, na tui lililogandishwa hukatika likipashwa.

Cha pili ni rosti ya nyanya. Sado moja (kopo kubwa la kupimia sokoni) ya nyanya, vitunguu maji vitano, kitunguu saumu kimoja kizima na nusu kikombe cha mafuta, vikipikwa bila mfuniko dakika 40 mpaka mafuta yajitenge juu, hutoa kama lita moja. Hiyo ni msingi wa mchuzi wa siku nne au tano. Ukiitoa kabla maji hayajakauka itachacha siku ya tatu. Kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa vizuri hugandishwa bila shida, na chapati zilizoiva nusu pia. Kilo moja ya unga hutoa kama 12 hadi 14. Mchicha na matembele usivihangaikie. Nunua kwenye genge siku ya kupika, dakika tano zinatosha.

Wali wa wiki nzima ni kosa la watu wenye nia njema. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemsha, na wali ukiachwa sufuriani jikoni mchana kutwa huzaana na kutoa sumu isiyoondolewa na kupasha moto. Pika wa siku hiyo.

Upoaji ndio unaotenganisha ratiba ya Jumamosi na ya Jumapili upande wa chakula. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa mbili, na joto la chumba likipita nyuzi 32, kama ilivyo kawaida hapa kuanzia Desemba mpaka Machi, usipitishe saa moja. Sufuria kubwa ya maharage haiwezi kupoa kwa muda huo ikiwa imefunikwa. Igawe kwenye vyombo vipana, viweke ndani ya beseni la maji baridi, koroga, badilisha maji mara moja, ndipo viingie friji. Anayepika Jumapili saa 2 usiku hulala sufuria ikiwa bado ya moto, na anaiacha jikoni "ipoe mpaka asubuhi". Jumatano chakula kinachacha na lawama zinaenda kwa friji. Anayepika Jumamosi saa 4 asubuhi yuko macho, ana muda, na ifikapo saa 7 kila kopo limeandikwa tarehe. (Andika, tafadhali. Kopo la aiskrimu lenye maharage limevunja mioyo ya watoto wengi.)

Katika friji, vitu hivyo hukaa siku tatu hadi nne. Hivyo vya Jumamosi vya kuliwa Jumatatu na Jumanne vibaki kwenye friji, na vya Jumatano kuendelea viende friza mara moja. Ratiba ya Jumapili ina faida moja hapa: chakula cha friji kinafika Jumatano au Alhamisi bila kugandishwa. Kwa nyumba yenye friji ndogo isiyo na friza ya maana, hiyo ni sababu ya kweli ya kupika Jumapili, ila iwe mchana.

Umeme na gesi

LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, inunuliwe Ijumaa, na zile tarakimu 20 ziingizwe kwenye mita siku hiyohiyo. Kuzihifadhi kwenye simu mpaka mita ilie ni kujitafutia Jumapili usiku yenye mtandao wa pesa unaosumbua. Pasi ya wati 1,000 ikifanya kazi mfululizo saa nzima hula yuniti moja. Kwa kuwa inajizima na kujiwasha, nguo za watu wanne kwa siku tano hazizidi hapo sana.

Umeme ukikatika Jumapili usiku, mwenye ratiba ya Jumamosi analala. Mwenye ratiba ya Jumapili anakunja suruali chini ya godoro kama zamani za bweni. Friza iliyojaa ikiachwa bila kufunguliwa hushika ubaridi kama saa 48, iliyojaa nusu saa 24, na friji ya kawaida saa nne. Kama friza yako ina nafasi tupu, jaza chupa za maji zigande. Zinasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Mtungi wa kilo 6 hauonyeshi umebaki kiasi gani. Uweke kwenye mizani ya duka mara moja ukiwa mpya, uandike uzito, na ukiupima Ijumaa utajua kama utavuka mapishi ya Jumamosi. Maharage yakiwa nusu mbichi na gesi ikaisha, asubuhi yote inaharibika.

Watu

Jumamosi ya Dar si mali yako peke yako. Kuna kicheni pati, send-off, kikao cha kamati, vikoba. Vingi huanza mchana au jioni, na hapo ratiba ya Jumamosi inasimama imara kama utaanza saa 12 asubuhi kweli. Ukianza saa 3, utaondoka nguo zikiwa kwenye beseni.

Msiba ni jambo jingine. Hauna saa, na hakuna mtu mwenye utu atakayesema anapika rosti. Kila ratiba iwe na toleo fupi la dakika 90: sare na nguo za kazi za siku mbili, chakula cha siku mbili, LUKU. Mengine yatangoja. Aliyegawa kazi vipande vitatu haumii sana hapa, kwa kuwa kipande kimoja kimeshafanyika kabla simu haijalia.

Tena kuna dada wa kazi. Nyumba nyingi zinazojisifu kuwa na Jumapili iliyopangwa zimepangwa kwa mgongo wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kwa wiki. Kama mapumziko yake ni Jumapili, ratiba ya Jumapili ni yako wewe kuifanya, au uhame siku. Kwa maoni yetu hili peke yake linatosha kuiondoa kwenye orodha ya familia zenye msaidizi.

Usingizi

Anayeamka saa 10 na nusu alfajiri ili aikwepe foleni anahitaji kuwa amelala saa 3 na nusu usiku apate saa zake saba. Ratiba ya Jumapili inayomalizika saa 5 usiku kwa pasi na viatu inamla usingizi kabla wiki haijaanza. Ratiba ya Jumamosi nayo ina mtego wake: Jumapili ikiwa tupu, mtu hulala mpaka saa 4 asubuhi, na usiku akipanda kitandani saa 3 anaangalia dari. Saa ya mwili imeshasogea. Usichelewe kuamka kwa zaidi ya saa moja au mbili kuliko kawaida yako. Ukihisi uchovu, dakika 20 hadi 30 za mchana kabla ya saa 9 zinatosha.

Kipande cha Jumapili saa 10 jioni kinafaa kuongezwa hata na wafuasi wa Jumamosi. Hakina kazi ya mikono mingi. Mabegi ya shule yafunguliwe (barua za walimu hukaa chini kabisa, zimekunjika), viatu vipigwe rangi, makopo mawili yatoke friza kwenda friji, salio la kadi liongezwe kwa wanaopanda mwendokasi kwa kadi, na chenji ya nauli itengwe kwenye kikopo. Noti ya elfu kumi saa 11 alfajiri ni kugombana na konda bure. Andika mambo matatu ya wiki ambayo yakikosekana yataleta hasara: ada, kliniki, kodi. Yakizidi matatu hutayasoma tena. Saa 11 jioni funga.

Ipi basi?

Mwenye kazi ya Jumatatu hadi Ijumaa, maji ya uhakika na friza: Jumamosi, pamoja na saa ile moja ya Jumapili jioni. Hatuoni ushindani wa kweli hapo.

Mwenye mgao wa maji, watoto wa madarasa ya mitihani wanaosoma Jumamosi, au familia isiyokosa vikao: vipande vitatu. Ijumaa ni LUKU, kupima gesi, kuloweka maharage na kutenga nguo. Jumamosi ni soko, kufua na sufuria mbili jikoni kwa pamoja. Jumapili ni pasi na mabegi. Udhaifu wake ni kwamba unahitaji kukumbuka. Kipande cha Ijumaa ndicho hufa kwanza, kwa kuwa mtu ametoka kwenye foleni ya saa mbili. Kibandike mlangoni mwa friji na umpe mtu mmoja, asiwe yuleyule kila wiki.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefunga duka Jumamosi usiku hana hiari, ni Jumapili. Aipunguze basi: nguo za kazi tu kabla ya ibada, maharage na rosti kati ya saa 7 na 9 mchana, jiko lizimwe saa 10. Asiende soko kubwa siku hiyo. Anaweza kutoka na nyanya na vitunguu Jumamosi akiwa njiani kurudi.

Masika yakifika, Machi hadi Mei, hesabu ya jua haifanyi kazi kwa yeyote kati ya hawa. Fua nguo chache mara mbili kwa wiki badala ya rundo moja, zikamue ndani ya taulo kavu, zitundike kwenye henga chumbani feni ikizipuliza na dirisha likiwa wazi, na kila mtoto awe na sare ya tatu. Mwezi wa Ramadhani, wanaofunga wasogeze jiko la Jumamosi liwe baada ya swala ya alasiri, kunde na maharage ya futari yawe yameshalowekwa tangu usiku wa daku, na pasi ipigwe asubuhi kabla kiu haijaanza kusema.